Picha za Jikoni Makoko

Nina studio ndogo Nyakato. Napiga harusi, kipaimara na zile picha za paspoti za haraka haraka. Hizo ni za rangi, ndizo zinazoniweka mjini. Za moyo wangu nilizipiga jikoni kwa mama, Makoko, kwa nyeusi na nyeupe.

Nilipenda mwanga wa asubuhi ulivyopita mlangoni na kutua kwenye ungo wake wa dagaa. Ukiondoa rangi, hata sufuria yenye masizi inapata heshima. Mikono yake ikichambua, visigino vyake vilivyopasuka, mgongo wake akipuliza moto: nilipiga vyote, nikajiona fundi. Sura niliiacha. Akijua kamera inamwangalia alikaza midomo kama yuko mbele ya hakimu, na mimi nilitaka picha "za kweli".

Asubuhi moja alitoka chumbani amevaa kitenge cha kanisani, amejipaka mafuta, akakaa kwenye kigoda karibu na moto.

"Wewe unapigaga mikono tu," akasema. "Hii sura yangu imekukosea nini?"

Nikacheka. "Mama, ukivaa hivyo unaniharibia picha. Siku nyingine."

Akainuka, akaenda kubadilisha nguo, akarudi kwenye dagaa zake. Nami, bila hata aibu, nikapiga mikono.

Wiki mbili baadaye presha ikamchukua. Tulikuwa tunajiandaa kumpeleka kuzikwa nyumbani, Butiama, dada yangu aliponipigia simu kutoka Bunda: "Usisahau picha ya mama ya kuweka kwenye fremu. Wewe si ndiyo unazo?"

Nilifungua kompyuta. Picha zilikuwa mia tatu na kitu. Mikono. Mgongo. Kivuli chake ukutani. Nilizipekua mara mbili. Zilikuwa nzuri, na nilizichukia zote.

Tukakuza picha ya kitambulisho chake cha taifa, ikatoka na ukungu. Niliibeba mbele ya jeneza, mpiga picha mzima. Mama mdogo, anayemfuata mama kuzaliwa, akanishika bega.

"Umempiga vizuri dada yangu," akasema. "Anatuangalia kabisa."

Aliyempiga ni karani wa vitambulisho asiyemjua, aliyemwambia tu: mama, angalia hapa. Mimi sikuwahi kumwambia hivyo.