Mwaka wa Ukonstebo wa Shemeji Barzilai

Shemeji yangu Barzilai Crowe hakuutaka ukonstebo. Alikuwa fundi mapipa, mgane asiye na mtoto, na mtu wa kinyaa sana. Kwenye kilabu cha pombe hakugusa kikombe kilichopita midomo ya wenzake, na kwetu Ashbury kikombe kimoja huzunguka chumba kizima. Mume wangu, kaka yake, alimtania kwamba alistahili kuzaliwa binti wa gavana.

Kazi ya konstebo haina anayeitaka. Unawagongea jirani zako kudai kodi, unawakamata walevi uliokua nao, na mwaka ukiisha huna wa kukusalimia. Wenye nazo hulipa faini wakaachwa. Kwa hiyo kila Machi mkutano wa mji humtafuta mtu asiye na cha kulipia, na mwaka ule wa vurugu za stempu, London ilipotutoza sisi wa makoloni ushuru kwa kila karatasi, walimpata Barzilai. Walimchagua huku wakicheka. Sisi wanawake hatupigi kura, lakini nyumba ya mkutano ina madirisha, nami nilikuwa dirishani.

Siku hiyohiyo walipitisha azimio kuhusu ushuru wa stempu. Kapteni Pelatia Gage alipanda juu ya benchi, uso umemwiva kwa pombe ya tufaha, akapaza sauti kwamba Bunge la London linatuswaga kama ng'ombe, na kwamba mtu huru haswagwi. Wanaume wakapiga miguu sakafuni mpaka vumbi likatimka. Jambo lililofuata lilikuwa Mama Mehetabel Farr.

Mehetabel alikuwa msokota nyuzi. Alipanga chumba nyuma ya zizi la Kapteni, na nusu ya mji ilivaa kitani chake. Kipindi kile cha baridi alipooza upande mmoja. Sasa Kapteni alitaka chumba chake, na mji ulitakiwa kuamua nani amlishe.

"Huyu si wetu," alisema Shemasi Obadia Thrale, mkubwa wa wajumbe wa mji. "Alipohamia alipewa onyo kwamba mji hautambeba. Alizaliwa Wexley, arudishwe Wexley. Konstebo atamchukua."

Hakuna aliyepinga. Shati alilovaa Shemasi lilikuwa la nyuzi za Mehetabel. Najua, kwa sababu kitambaa chake nilikifuma mimi.

Asubuhi Barzilai alikuja jikoni kwangu, akasimama mlangoni bila kuvua kofia.

"Shemeji, twende ukanisaidie. Siwezi kumbeba mwanamke wa watu peke yangu."

"Na wewe umekubali?"

"Nisipokwenda mimi watamtuma mwingine, amtupie mkokotenini kama gunia."

Tulimkuta amelala kwenye majani yaliyolowa. Wiki nzima watu wa Kapteni walikuwa wakimsukumia uji wa mahindi mlangoni, basi, hakuna aliyemgeuza wala kumbadilisha. Harufu ile sitaisema. Barzilai alitoka nje, nikamsikia anatapika. Kisha akarudi, akakunja mikono ya shati, akachukua ndoo.

"Pole, konstebo," Mehetabel akamwambia kwa nusu ya mdomo iliyobaki. "Ningejua unakuja ningechana nywele."

"Mama, nyamaza. Inua mkono."

"Upi? Huu mmoja umeshajiuzulu."

Tulimwosha, tukamfunga mablanketi, Barzilai akamwendesha na maksai wake hadi Wexley. Huko wakamwambia huyo aliolewa na baharia wa Salem, na mke ni wa kwao mumewe. Barzilai akawaonyesha amri, akamwacha kwenye nyumba ya wageni, akarudi. Kesho yake, tunatoka kukamua, mkokoteni wa Wexley unaondoka mjini, na Mehetabel yuko kwenye banda la farasi pembeni ya nyumba ya mkutano, kalala kati ya mavi.

Wajumbe walikutana palepale, mbali kidogo na banda. Shemasi alikuwa na leso puani.

"Mpeleke tena," alisema.

"Shemasi, mvua inakuja. Atakufa njiani."

"Akifa upande wa Wexley, watamzika Wexley. Fanya haraka."

Hilo neno lilisemwa na mtu anayetuombea chakula kila Jumapili.

Barzilai alikwenda. Nami nilipanda mkokotenini nikiwa nimekifunika kichwa cha Mehetabel kwa shuka nene, kwa sababu mvua ilishaanza. Kwenye daraja la mpakani tulimkuta konstebo wa Wexley, Sadoki Hollis, ameegesha mkokoteni wake katikati ya mbao.

"Rudi naye, Crowe," akasema.

"Nipishe, Sadoki. Mama analowa."

"Wanalowa wengi. Mimi nikimpitisha, wajumbe wangu watanila nyama."

Wanaume wa kinu cha nafaka walitoka kutazama. Mmoja akaita, "Naweka dau la ramu, atalala Ashbury!" Mwingine akajibu, "Nami naweka ramu, atalala mtoni!" Wakacheka wakipigana mabega. Kulikuwa na mzee mmoja pale, namfahamu, nyuzi za soksi zake zilisokotwa na Mehetabel, naye alicheka kuliko wote.

Mehetabel alisikia yote. Hakutania tena. Alinishika kidole kwa ule mkono mzima, akasema taratibu, "Desire, mwambie anishushe popote. Nimechoka kuwa mzigo wa watu."

Nilimwambia Barzilai. Mvua ilikuwa ikimchuruzika kofiani. Halafu akawageuza maksai. Wale wa kinu wakashangilia, aliyebashiri Ashbury akadai ramu yake.

Hakumrudisha bandani. Alimpeleka nyumbani kwake, akamlaza kwenye kitanda alichofia mkewe, akawasha moto mkubwa. Kabla blanketi hazijakauka Shemasi alikuwa amefika.

"Ukimweka hapa, Barzilai, uandike ahadi kwamba mji hautagharamika."

"Nitaandika."

"Na usije ukalia baadaye."

"Shemasi, toka nyumbani kwangu. Nimemwosha huyu mama kila uchafu wake na sijafa. Lakini wewe ukiendelea kusimama hapo, nitatapika tena."

Shemasi aliondoka akiwa mwekundu. Mji mzima ulisema Barzilai amekosa adabu.

Mehetabel aliishi hadi Mei. Asubuhi nilikuwa namgeuza mimi, jioni shemeji mwenyewe. Mtu yule asiyeshiriki kikombe alimlisha mchuzi wa maharage kwa kijiko, akionja kwanza kama ni moto. Walibishana kutwa. Mehetabel alimwambia mapipa yake yanavuja. Naye akamwambia nyuzi zake zilikuwa na mafundo.

Alikufa wiki ile habari zilipofika kwamba ushuru wa stempu umefutwa. Kengele zililia, bunduki zikapigwa, na Kapteni Gage akatuma mtu kuagiza mapipa ya pombe ya sherehe ya uhuru. Barzilai alijibu kwamba anatengeneza jeneza. Tukamzika kwenye kiwanja cha ukoo wa Crowe, kelele za walevi zikitufikia kutoka uwanjani.

Na Shemasi alikuja mazishini! Kwetu wafiwa huwapa wageni glavu na kinywaji. Akasimama mlangoni kwa Barzilai na nguo zake nyeusi, akanong'ona kuniuliza glavu zinagawiwa wapi. Barzilai ndiye aliyefunga mlango, polepole, mbele ya pua yake.

Alimaliza mwaka wake bila kumpelekea maskini mwingine onyo. Wakamtoza faini, wakachukua ng'ombe wake wa maziwa. Tangu hapo hajakanyaga mkutano wa mji, na pipa hamuuzii Thrale wala Gage hata wakilipa mara mbili. Mume wangu humsihi: "Mdogo wangu, watu wamesahau, wewe je?" Naye anaendelea kuchonga mbao zake.

Mwaka jana walichagua konstebo mwingine, kijana mwenye bidii. Nimemwona juzi akipita na mkokoteni, ndani yake mjamzito na kapu la nguo, wakielekea darajani.