Kumtaarifu Babu

Mwezi uliopita nilirudi Kalenga nikiwa na chupa ya ulanzi, ile pombe ya mianzi, mkobani. Niliununua Iringa mjini, na kwa jinsi ulivyochacha, abiria wote walilewa kwa harufu tu, dereva peke yake akapona.

Unajua, ndugu msomaji, zamani msimu wa ulanzi Bibi alikuwa anatoka alfajiri kugema mianzi yake, na kikombe cha kwanza hakikuwa chetu. Tulikipeleka kaburini kwa Babu, nyuma ya nyumba. Bibi alimimina kidogo kidogo huku akimpa habari, nani kaoa, mbuzi wa nani kala mahindi ya nani, taarifa ndefu kushinda ya redio. Kisha ananisukuma mbele.

"Mzee, mke wako mdogo huyu hapa. Mvivu, mboga anaunguza. Mimi nakuja karibuni, huyu utamsubiri sana."

Tulicheka mpaka kunguru wakahama kijiji.

Alinifundisha pia kwamba mtu akifa, lazima wa damu yake aje pale awaambie wakubwa waliotangulia wampokee. Asipotajwa, anabaki nje anapiga hodi.

Jirani yetu mwenye duka, mzee wa Kiislamu ambaye wazazi wake walitoka pwani, alinieleza huku akipima sukari kwamba kaburini wanakuja malaika wawili kukuhoji. Nikajiandaa kwa mtihani huo kuliko wa darasa la saba. Mwalimu wa sayansi yeye alituuliza, "Moto wa jikoni ukizimika unakwenda wapi? Hauendi popote." Darasa zima tulimwonea huruma, maskini, hana pa kwenda.

Ukubwani nikasoma shule ya jioni, na yale maneno ya mwalimu nikayaelewa kuliko nilivyotaka.

Mwaka huu Mama amefariki, tukamzika Mbalizi, mbali na Kalenga. Mchungaji alisema yuko pema, kwaya ikaimba vizuri ajabu, na ndani yangu hakikusogea kitu. Ndiyo maana nikabeba ulanzi. Nilitaka awe mahali, popote, ilimradi kuna mtu amempokea.

Mianzi imeng'olewa, pamelimwa nyanya. Makaburi mawili, la Babu na la Bibi, yamebaki pembeni mwa matuta. Nikapiga magoti, nikamimina, nikataka kuwataja wakubwa wote kama Bibi alivyokuwa akiwataja, ukoo mzima bila kuvuta pumzi. Sikukumbuka hata mmoja. Nikabaki na hao wawili.

"Babu, Bibi, Mama yuko nje. Mfungulieni."

Udongo ukanywa. Nikangoja mpaka magoti yakafa ganzi. Bibi, ambaye hajawahi kukosa la kusema, hakusema.

Mama mmoja aliyekuwa anamwagilia nyanya akainua kichwa.

"Kamwene, dada. Unaongea na nani hapo?"

Nikajikung'uta udongo.

"Hakuna mtu," nikamjibu.