Radhi ya Mstarini

Mwalimu Mastura alikuwa na ulimi. Watu wa mtaani kwake Ngamiani walilisema hilo kabla hata hajawa mwalimu, na wanafunzi wa sekondari ya Makorora walilithibitisha miaka yote aliyowafundisha Baiolojia. Fimbo hakushika. Fimbo ya nini, na mdomo anao? Akirudisha karatasi za mtihani alianza na aliyeshika mkia, amsimamishe, amseme, darasa licheke, ndipo apande juu. Aliamini aibu ni dawa, na kweli wapo iliyowaunguza wakasoma. Waliobaki na kidonda hakuwahesabu.

Nasra wa kidato cha tatu alikuwa mmojawapo. Mama yake, Khadija, alikua na Mastura mtaa mmoja, wakigawana ubuyu, kwa hiyo mwalimu alimchukulia mtoto yule kama wake wa kumkaripia apendavyo. Siku alipomkamata na simu shuleni, aliiweka kwenye ngazi mstarini, mbele ya shule nzima, akaiponda kwa jiwe. "Kamwambie mama'ko," akasema, "hata simu inakuzidi akili." Shule ikaangua kicheko. Nasra hakulia, na hilo peke yake lingetosha kumtisha mtu mzima.

Haukupita muda ikaja harusi pale mtaani. Alasiri wanawake wakajifungia uani kwa ngoma yao, kama ilivyo desturi: mlango umekomewa, mabuibui yametundikwa, simu zote zimewekwa kapuni mlangoni. Mle ndani hakuna mwalimu wala mke wa shehe. Mastura, mjane asiyekuwa na pa kuchekea siku nyingine, alijifunga leso kiunoni akacheza mpaka wenziwe wakamtuza. Nyuma yake alicheza Wanu, Mpemba aliyeolewa Ngamiani, nywele wazi, meno yote nje. Nasra alikuwa akipitisha sinia za visheti. Nani angempekua mtoto wa kupitisha visheti, ajue ana simu ya kuazima chini ya sinia?

Kesho yake Mwalimu Mastura alikuwa Tiktok anakata kiuno, na maandishi juu yake: MWALIMU WETU WA NIDHAMU. Yeye alijua aliposhuka kwenye baiskeli getini, wavulana wa kidato cha nne wakampigia makofi kwa mdundo ule ule wa ngoma. Aliingia darasani, akageukia ubao, nyuma yake wakawa wanabana vicheko. Tangu saa ile alitaka kitu kimoja tu duniani: asimame tena mbele ya wanafunzi wale asichekwe.

Nasra alibanwa akakiri, akaifuta ile video. Mkuu wa shule akamrudisha nyumbani na kusema uamuzi ni wa aliyekosewa. Akisamehe, mtoto anarudi darasani. Akikataa, anafukuzwa.

Khadija akaja kwa Mastura na wanawake wawili wa mtaani, birika la kahawa na sahani ya halua, kama watu wanavyokwenda kutaka radhi. Nasra akapiga magoti mkekani, akautaka mkono wa mwalimu aubusu. Mastura akauvuta.

"Humu ndani nani anaona? Kanivua mbele za watu, ataniomba radhi mbele za watu. Mstarini, kwa kipaza sauti."

"Shoga yangu," Khadija alisema kwa upole, "video imefutwa. Watu washaanza kusahau. Funika kombe mwanaharamu apite."

"Apite wapi, na umeniletea mwenyewe kapiga magoti?"

Khadija akainuka. "Miye nimekuja kwako kwa adabu, Mastura. Weye simu ya mwanangu ulivunjia wapi? Ulinifuata uani kwangu ukanambia?"

"Nenda na adabu yako. Jumatatu mstarini, la sivyo mwanao akauze visheti."

Halua ikabaki pale pale, haikuguswa.

Jumatatu Nasra alisimama mstarini. "Namwomba radhi Mwalimu Mastura kwa kumrekodi akicheza," alisema. Mastura akamwambia arudie, hajasikika huko nyuma. Akarudia kwa sauti, machozi yakimchuruzika sasa. Tusifichane, mwalimu alifurahi. Alilala siku ile usingizi wa mtoto mchanga.

Lakini huko nyuma alikotaka asikike, simu walizozificha zilikuwa zimeshachomolewa mifukoni. Radhi ile ikaruka mtandaoni, na kila aliyeiona akauliza: akicheza vipi huyo? Waliokuwa wameihifadhi video ya kwanza wakaitoa. Mara hii ilifika Muheza, ikafika Dar, ikavuka maji hadi Pemba, ambako mwanzo haikufika.

Siku moja baada ya swala ya adhuhuri, Wanu akabisha hodi. Alikataa kuingia. Buibui lilimfunika hadi kwenye nyusi, na macho yalikuwa mekundu.

"Kaka zangu kule kwetu wameniona nyuma yako," alisema. "Wamempigia mume wangu. Kanambia nifungashe."

"Wanu, mdogo wangu, aliyerekodi si mimi. Ni yule mtoto mshenzi wa Khadija."

"Mtoto alituvua, akafuta, watu wakatusitiri. Tulikuwa tushavaa nguo zetu, mwalimu. Mara ya pili umetuvua wewe."

Mastura akamshika mkono. Wanu akaubandua kidole kimoja kimoja, akaenda zake kufungasha.