Mwinyi Mkavu na Mwiko Wake

Harufu ya muhogo unaotokota kwa nazi hunirudisha ule mwaka mchele ulipoadimika Mji wa Kale. Tulikula muhogo asubuhi, muhogo mchana, muhogo jioni. Hata Idd tulipakuliwa muhogo, na mjomba akauita pilau asione haya mbele ya wageni. Nilikuwa na miaka tisa. Mdogo wangu Rukia alikuwa na sita, na masika yalipoanza akashikwa na surua.

Nyanya yetu alikuwa na shujaa wake wa hadithi, Mwinyi Mkavu. Huyo aling'oa minazi kama mchicha, akaruka paa hadi paa. Lakini alikuwa na mwiko: maji yakimgusa unyayo, nguvu zote zamtoka, awa laini kama mkate uliolowa chai. Na mtu huyo kazaliwa kisiwani, jamani! Rukia alikuwa akinifinya mkono hadi kucha zaingia, akipiga kelele, "Mwinyi, dimbwi hilo! Zunguka!" Nyanya alimngoja apige kelele kwanza, ndipo Mwinyi azunguke.

Kisha Nyanya akaenda matangani Lamu, akaniachia mimi kazi ya kumhadithia mgonjwa. Nami kwa kiburi nikajiona fundi kumshinda. Nikamvua Mwinyi mwiko wake. Nikamkanyagisha bahari, nikampa mkono wa kuponya na jicho la kuona yaliyofichwa. Adui akitokea, pu! Kwisha. Rukia hakunifinya tena. Alitazama boriti tu. Hadithi ya mtu asiyezuilika ni kama kumtazama mwenzio akila peke yake.

Siku ya tatu, mvua imejaza uchochoro wetu, akaniuliza kwa sauti ya kukwaruza:

"Dada, Mwinyi aweza kuponya?"

"Aweza kila kitu."

"Ajua kuwa mimi ni mgonjwa?"

"Ajua."

"Basi mbona haji?"

Nilikuwa nimechoka, na nje nawasikia wenzangu wakicheza mvuani. Nikamwambia, "Hakutaki. Hebu jitazame uso ulivyo." Nikatoka mbio. Niliporudi alikuwa ameelekea ukutani. Hakuniuliza kitu tena. Ijumaa tukamzika.

Surua ingemchukua vilevile, sisemi uongo. Lakini nilipokesha na wanangu wenyewe wagonjwa ndipo nilipofahamu nilichomnyang'anya. Lau ningemwachia Mwinyi mwiko wake, Rukia angesikia maji yale uchochoroni akajua: maskini, amekwama paani, hawezi kushuka. Angemwonea huruma yeye. Angetafuta njia kavu ya kumpitisha, angekuwa na kazi ya kufanya pale kitandani. Mimi nilimpa shujaa awezaye yote ila hataki. Nyanya aliporudi sikumwambia nilichosema. Wala mamangu sikumwambia, hadi kaburini kwake.

Sasa nina wajukuu kumi na mmoja, wote na ndimi zao kali, alhamdulillahi. Mkubwa wao, Swafiya, hutazama kwenye simu mashujaa watoao moto machoni, wakipigwa hawaumii. Jana nilikuwa nawahadithia wenziwe, Mwinyi yuko ukingoni mwa maji, adui nyuma yake, akanikatiza:

"Nyanya, si umvishe viatu vya mpira, yaishe?"

"Mwiko wake siutoi."

"Aa, Nyanya! Leo tu. Huyu mdogo ashaanza kulia!"

"Mwiko wake siutoi."