Nilivyolishwa matonge hadi nikapita mtihani

Salaam wakuu wa daftari hili linalopita chini ya madawati.

Nitasema kweli tupu. Uongo wangu wote nimeshamwandikia mwalimu kwenye insha.

Mwajua nilianguka mnazini kwa Mzee Shee, kule Timbwani, wiki tatu kabla ya mtihani wa darasa la nane. Nilikuwa nayatazama madafu yake kwa karibu.

Mkono wa kulia ukavunjika. Fundi wa mifupa akaufunga kwa vijiti kama kuku anayepelekwa sokoni.

Hedimasta akasema, "Kuandika huwezi. Utajibu kwa mdomo, mbele yangu."

Hapo ndipo nilipolia. Akadhani ni mkono.

Wakuu, mie hupita kwa macho. Tangu darasa la kwanza naketi dawati moja na Mbwana, na shingo yangu ni ndefu kuliko akili. Sasa mbele ya hedimasta nimchungulie nani? Na ami yangu ameshaapa: nikifeli, nitapasua mawe kwenye tanuri lake la chokaa, uhuru uje usije.

Balaa la pili ni chakula. Kwetu kula kwa mkono wa kushoto hakuna. Basi nyanya akawa ananilisha, barazani, wapita njia wakizitazama ndevu zangu tatu.

"Fungua kinywa, mume wangu. Lakini kwanza nambie ulichosoma leo."

Hajui kusoma, nikaona nimempata. Nikamwambia Mto Tana waingia Ziwa Victoria.

Tonge likarudi sahanini.

"Mie mzaliwa wa Kipini. Mto huo waingia baharini, nimeuoga. Nani kakwambia upuzi huo?"

"Mbwana."

"Basi akulishe Mbwana."

Nikasoma, wakuu. Jibu moja, tonge moja. Nisipojua nikabuni, aliujua uongo kwa kunitazama machoni tu, akalila tonge yeye. Siku ya samaki wa kupaka nilijua mito yote ya koloni.

Nimepita. Mbwana kafeli.

Jana nikamuuliza, lile Ziwa Victoria alilitoa wapi miaka yote ile.

"Kwako," akasema.

Funzo: zile wiki tatu nilizozilaani ndizo pekee nilizosoma katika miaka minane.

Haya, nanyi andikeni hapa chini kilichowakwamisha kikawafaa. Mbwana, anza wewe. Ukurasa wangu nimeufunika kwa mkono uliopona.