Kiti cha Maman Zawadi Kwenye Mdahalo

Neema mjukuu wangu, andika polepole, wala usinirekebishe. Ipo siku moja ya usichana wangu ninayoikumbuka tangu juzi. Niliteremka chemchemini na mtungi, nikarudi nao mtupu, nikakimbia njia nzima, kwa sababu nyuma yangu watu wazima walikuwa wakirushiana mawe.

Nimeikumbuka kwa ajili yako na wenzako wa kamati ya vijana. Jumapili, baada ya misa, wagombea wa baraza la komini, serikali ya mtaa wetu, watakuja katika ukumbi wa parokia, hapa Molenbeek, Brussels, wajibizane mbele ya watu, na ninyi ndio mtakaogawa viti. Mlitangaza wenyewe kanisani: atakayeketi mezani ni yule ambaye jina lake limo katika karatasi ya kura, na ambaye wakazi wa komini wasio ndugu zake wamejitokeza kusema wanataka kumsikia. Maman Zawadi, yule anayewaogesha wazee wagonjwa majumbani mwao, anagombea peke yake, bila chama. Aliwaleta watu wake. Sasa nasikia mnataka kuongeza sharti la chama.

Hapo umeacha kuandika, umeniangalia.

"Koko, si chuki. Yule maman anasema sana! Ataanza kuwauliza wale ba-papa wa vyama habari ya nyumba zenye ukungu, wakasirike, waondoke. Bon, na tukimuweka yeye, kesho kila muntu atadai kiti."

"Alitimiza sharti lenu, au hakutimiza?"

"Alitimiza. Donc ndiyo sababu tunataka kulibadilisha."

"Andika hivyo hivyo ulivyosema, bila kupunguza neno."

Umecheka. Mimi sikucheka.

Kijijini kwetu, milimani juu ya Bukavu, mlinzi wa chemchemi, anayegawa maji, alichaguliwa barazani. Kila ukoo ulimletea mtu wake kigoda, na asiye na kigoda hakuruhusiwa kusema. Mwaka ule alijitokeza Bahati, mtu aliyehamia kwetu kwa kuoa, asiye na ukoo pale. Ndiye aliyeuzibua mfereji kila matope yalipouziba, na wengi walitaka kumsikia. Wazee walijua angeuliza kwa nini maji yalianza kwenye mashamba yao. Hawakumpinga kwa hoja; walisema tu kwamba hana kigoda. Basi akasimama nje ya ua, akasema huko huko, na nusu ya watu wakaligeuzia baraza migongo, wakaenda kumsikiliza. Wazee wakamtangaza mtu wao. Kesho yake nusu ya kijiji haikumtambua mlinzi yule. Kila upande ulikuja kujifungulia maji, na mawe yakaanza kuruka.

Nyanya yangu, aliyekuwa amewapokea baadhi ya wazee wale walipozaliwa, aliwaendea barazani. Aliwaambia: "Mngeketi naye, mkamshinda kwa maneno, tungewaamini. Mlimwogopa. Sasa hata huyu mtu wenu, nani anajua kama angeshinda?"

Baadaye wazee walichonga kigoda cha mtu asiye na ukoo, akikalie yule atakayesimamiwa na nyumba kadhaa zisizo za damu yake. Wala si kila mpiga kelele aliyekipata: mlevi mmoja alikidai, akakosa hata nyumba moja, akaenda zake akitutukana. Lakini Bahati hakukikalia. Alikwisha kuhama na mkewe, na tulikunywa maji ya matope hadi nilipoolewa.

Hapa Brussels hakuna atakayerusha mawe. Watu wa hapa hurudi nyumbani kimya, wakafunga mlango, wakasema mambo ya komini si yetu, na watoto wao wakakua wakiamini hivyo. Ukimya huo nauogopa kuliko mawe.

Kwa hiyo, wanangu, sikieni. Sharti la kuingia liwe gumu mkitaka, ila litungwe kabla hamjajua litamgusa nani, na likiisha kutangazwa liwafunge ninyi kwanza. Mkiona lina kasoro, lirekebisheni baada ya uchaguzi, wakati hakuna sura ya mtu machoni penu. Maman Zawadi alitimiza. Kiti ni chake. Dakika zake ziwe sawa na za wenye vyama, na msimweke pembeni karibu na mlango, kisha mkajisifu kwamba mlimkaribisha. Akisema upuuzi, watu wana masikio.

Kesho kamati inakutana. Sijui mtaamua nini, na hilo linanitesa, lakini sitakuja kuwaamulia. Neema, wewe ndiye mwenyekiti. Wakikuzidi kwa sauti, wasomee haya. Na wakikataa hata baada ya kusikia, umpigie Maman Zawadi simu wewe mwenyewe, umweleze kwa kinywa chako, asije akaambiwa ukumbini mbele ya watoto wake.

Mungu akupe moyo usiotetemeka mbele ya wakubwa, na uso usioona haya kukutana na mdogo. Awajalie nyote kuketi meza moja na mtu msiyempenda, mkaondoka mkiwa bado mnasalimiana. Amina.