Aliyeninyonyesha Mchafukoge

Swali lililoninyima usingizi baada ya kupata habari za msiba lilikuwa moja: kesho makaburini nitakaa kimya, au nitasema mimi ni nani kwake? Mnaosoma safu hii mnanijua, hata kununua soksi nafikiria mara tatu. Lakini safari hii jambo lilikuwa zito. Marehemu alikuwa muuza khanga Kariakoo, mjane mwenye binti mmoja. Kwa macho ya watu, mimi nilikuwa kijana tu aliyezoea kibaraza chake.

Na kilichonizoesha ni huyo binti. Nilipomaliza chuo nikakosa kazi, kila jioni nilipita kusaidia kufunga duka. Siku moja mama yule akamtuma binti maji, akanikalisha juu ya robota la khanga. "Mwanangu, huyo humuoi," akasema. Nikajitetea kwamba kazi nitapata. Akacheka. "Hata ungekuwa waziri. Mmenyonya ziwa moja." Kumbe yeye na mama yangu walikuwa mashoga, wamepanga vyumba jirani Mchafukoge. Mama aliponizaa aliugua, hakutaka hata kunishika. Watu wangesema ana jini, au hana huruma. Shoga yake akafunga mlango, akaninyonyesha pamoja na bintiye kwa miezi, asimwambie mtu. Mama alipopona, aibu ikamhamisha nyumba, na ushoga ukaishia hapo.

Asubuhi ya mazishi nilimwambia mama kwamba najua. Mwanamke hushushwa kaburini na maharimu wake, wanaume wa karibu wasioweza kumuoa, na mtoto wa kunyonya ni mmoja wao. Mama aliuma pindo la khanga, kisha akaliachia. "Alikulea wewe, akanisitiri mimi," akasema. "Ukishuka, watauliza. Amua mwenyewe, baba." Kwa mtu kama mimi, afadhali angenikataza.

Njiani niliwaza tunavyoishi sasa. Mwenzetu akijifungua tunamtumia pongezi kwenye simu, kisha tunafunga mageti yetu. Akiugua moyoni kama mama, nani atajua? Yule mama alijua kwa sababu mlango wake ulikuwa wazi. Ila ile siri iliyomsitiri mama ndiyo iliyomkosesha shoga maisha yote. Nimejifunza kwamba wema ukifichwa mno, hata aliyetendewa huanza kuukimbia.

Makaburini walitandaza shuka juu ya kaburi, kama mwanamke anavyositiriwa. Shehe akauliza maharimu wako wapi. Marehemu hakuwa na kaka wala mtoto wa kiume. Wazee wakatazamana, wakaanza kuteua watu wa kumshusha. Nikasogea mbele.

"Mimi ni mwanawe. Alininyonyesha."

Mzee wa duka la jirani akanitazama, akauliza mama yangu ni nani. Nikamtaja kwa sauti, wote wakasikia. Kisha nikavua viatu, nikashuka kumpokea.